Mgeni wa Chumba Namba Nane

Alishuka na basi la Masasi saa mbili usiku,
begi mgongoni refu kupita kichwa chake,
kikombe cha bati kimening'inia, kila hatua ngo, ngo,
kama mtu anayejibishia hodi mwenyewe.

Chikongola walikuwa wameshafunga maduka.
Nachundu wa bodaboda ndiye aliyemleta, akataka elfu tatu.
Nikamtazama tu. Akapokea elfu moja na mia tano.
"Mchina," akaniambia.
"Subiri aandike mwenyewe."

Kitabu cha wageni kina safu saba.
Askari hupita kila Jumatatu kukikagua,
kwa hiyo sipendi nafasi tupu.
Jina: Bui Thi Loan. Umri: thelathini na mbili.
Atokako: Masasi. Kabla ya hapo sijui, safu ni nyembamba.
Aendako: Kilambo, mto, ng'ambo.
Kabila: hapo kalamu ikasimama.
Simu yake ndiyo iliyokuwa mkalimani;
ikamnong'oneza neno, akacheka, akaandika Kinh.
Nikasoma "kinu". Nikaona sawa,
nimeshapokea makabila magumu kuliko hilo.

Kazi: akaanza herufi ya kwanza,
umeme ukakatika.

Mji huu una gesi chini ya nyayo zake,
bomba limelala huko nyuma kama nyoka mwenye safari ya Dar,
na mimi nina mshumaa wa mia tano.
Simu ilikuwa na asilimia mbili. Ikaufuata umeme.
Tukabaki wawili, meza, na moto mdogo,
bila lugha hata ya kuombea maji.

Akainua mikono.
Kidole gumba cha kushoto kikashika kitu kisichokuwepo,
mkono wa kulia ukashusha wenzo, tak,
ncha ikachokoa, ganda huku, kiini kule,
tak tena.
Nikausogeza mshumaa.
Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi,
zimebabuka, zikaota ngozi, zikababuka.

Mama yangu alibangua miaka tisa kiwandani
mpaka wakafunga geti, wakawaachia popo zamu ya usiku.
Rangi ile haikutoka kwa sabuni, wala ndimu, wala majivu.
Siku ya kumwosha tuliikuta bado ipo.

Nikachukua kalamu, nikamjazia: mbanguaji.

Nimezaliwa nikiona magunia yakienda bandarini,
korosho ghafi, na ganda lake, na sumu yake,
sisi tukibaki na harufu ya mabibo
na ubishi wa bei katika mnada.
Sikuwahi kujiuliza ni nani huko mwisho
anayezivua koti.
Nilidhani mashine.

Akafungua zipu ya pembeni, akatoa pakiti,
maandishi yake yana vitone juu na chini
kana kwamba yamenyeshewa manyunyu.
Korosho, na lile ganda jembamba la ndani, na chumvi.
Nikatafuna taratibu, nikiitafuta Newala, nikiitafuta Tandahimba.
Labda ilikuwa ya nchi nyingine kabisa.
Korosho haina safu ya kabila.

Saa kumi na moja alfajiri gari la Kilambo likapiga honi.
Saa tisa alizokaa kwetu, nyingi gizani.
Sikumuuliza anatembea kwa ajili gani,
nani amemshikia kiti chake mbele ya wenzo,
kama ana mtoto. Ngo, ngo, mpaka kona ya msikiti.
Shuka aliikunja pembe nne, akaacha funguo juu yake,
na kandambili za nyumba, zimegeuzwa kuelekea mlangoni.

Jumatatu askari alikuja, akateremsha kidole kwenye safu.
"Mbanguaji? Huyu ni wa hapa?"
"Wa huko."
"Huko wapi?"
Umeme ulikuwa umerudi, feni inamgombania kurasa.
Nikasukuma pakiti upande wake wa meza.
"Onja kwanza," nikamwambia, "halafu uandike."